Ungo, Kisahani na Daftari la Mtu wa Redio

Leo naomba tuiache siasa kidogo tuongelee ungo.

Sisi Watanzania ungo tunaujua toka utoto. Mchawi anapanda ungo wake usiku huko Sumbawanga, anazunguka anakozunguka, alfajiri anadondoka Mbagala akiwa mtupu, na asubuhi magazeti ya udaku yanaye ukurasa wa mbele. Wazungu nao wana chao, kisahani kirukacho, au UFO, yaani kitu kilichoonekana angani na hakijatambuliwa ni nini. Ukiviweka pamoja umbo ni lile lile, duara lililobonyea katikati. Teh teh! Utadhani wametoka kwa fundi mmoja.

Tofauti ni moja, na ndiyo iliyonifanya niandike leo. Kwa wenzetu, pembeni ya wale wanaopiga kelele za wageni kutoka sayari nyingine, kuna kikundi cha watu wenye redio, antena za kujitengenezea na daftari. Kitu kikipita juu wanauliza: ilikuwa saa ngapi? Kilitokea upande gani? Kilichukua muda gani? Kilitoa mawimbi ya redio? Wakishaandika hayo ndipo wanaanza kubishana.

Hoja yangu ni fupi. Macho tunayo, daftari hatuna. Na kwa kukosa daftari tunapoteza zaidi ya tunavyodhani.

PETE YA MAKUENI

Tuanze na jirani. Tarehe 30 Desemba 2024, mchana wa saa tisa hivi, pete ya chuma ilidondoka kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Upana wake kama mita 2.5, uzito kama kilo 500. Hayo ni magunia matano ya mahindi ya kilo mia mia, yakitoka mbinguni. Mungu saidia, hakuna aliyeumia.

Shirika la Anga la Kenya (KSA) likaichukua, na tarehe 1 Januari 2025 likatangaza kwamba kwa uchunguzi wa awali ni pete inayotenganisha sehemu za roketi. Vitu vya namna hiyo kwa kawaida huungua vikirudi, au huangukia baharini.

Sawa. Ya nani sasa? Hapo ndipo utamu ulipo. Gazeti moja likaihusisha na India na kuandika habari za fidia. KSA likakanusha. Wakati huo huo Mholanzi mmoja, Marco Langbroek, msomi wa akiolojia aliyeingia kwenye mambo ya kufuatilia satelaiti kwa mapenzi yake tu, akakaa na orodha ya vitu vinavyozunguka dunia. Akaangalia kipi kilitarajiwa kuanguka siku ile, na njia yake ilipita wapi. Akapendekeza kwamba huenda ni kipande cha roketi ya Ariane iliyorushwa Julai 2008.

Angalieni neno "huenda". Hakusema ameoteshwa. Aliweka mezani saa na njia, ili mwenye ushahidi bora aje ampinge. Kazi ya namna hiyo hata ikikosea ina faida, maana unaona ilipokosea. Habari ya "inasemekana ni ya India" ikikosea inabaki kuwa aibu tu.

Na hapa msidhani ni mchezo wa watoto, kuna hela. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1972 unasema nchi iliyorusha chombo inabeba dhamana ya madhara yake ardhini, hata kama haikufanya uzembe. Tarehe 24 Januari 1978 satelaiti ya Kisovieti, Kosmos 954, iliyokuwa na mtambo wa nyuklia, ilisambaratika juu ya Canada. Canada ikadai zaidi ya dola zake milioni 6, na mwaka 1981 Wasovieti wakakubali kulipa milioni 3. Canada ilijua kilikuwa chombo cha nani. Usipojua, mkataba ni karatasi. Utaandika barua ya madai kwa nani, kwa mchawi wa Sumbawanga?

ALIYEKIONA KWANZA NI MTU WA REDIO

Kwa wanaodhani UFO ni mambo ya Marekani tu, niwakumbushe ya kwetu. Tarehe 19 Februari 1951 ndege ya East African Airways, aina ya Lodestar, ilitoka Nairobi asubuhi kwenda Mombasa. Ilipofika saa 1:20 hivi, kulikuwa na kitu kinachong'aa kimetulia juu ya Kilimanjaro. Wa kwanza kukiona alikuwa afisa wa redio wa ndege. Akamwonyesha rubani, Kapteni Jack Bicknell, abiria nao wakatazama. Taarifa ya rubani ikaeleza kitu kama cha chuma, kirefu kama risasi, ambacho baadaye kilipanda juu na kutoweka kuelekea pwani.

Kilikuwa nini? Mpaka leo watu wanabishana. Lakini wana cha kubishania, kwa sababu tarehe ipo, saa ipo, ndege ipo, njia ipo. Afisa wa redio kazi yake ni kuandika saa. Miaka zaidi ya 70 imepita, wewe na mimi tunaweza kukaa na taarifa ile tukapima. Ni mianga mingapi imepita juu ya Tanzania toka wakati huo bila mtu wa kuandika hata mstari mmoja?

Sasa hawa wana-redio wa ridhaa ni nani hasa? Ni watu wa kawaida, walimu, mafundi, madaktari, wastaafu, waliofanya mtihani na kupewa leseni na alama yao ya wito. Ya Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Z, ya Uganda 5X. Wanarusha na kupokea mawimbi kwa mapenzi, bila biashara. Kila mawasiliano wanayaandika kwenye daftari kwa saa ya dunia, ile ya Greenwich. Sputnik iliporushwa tarehe 4 Oktoba 1957, waliisikia wenyewe majumbani ikilia bip-bip kwenye megahezi 20 na 40. Hawakusubiri kuambiwa na serikali yoyote.

Mifano miwili inanipa hamasa kila nikiikumbuka.

Wa kwanza ni Geoff Perry, mwalimu wa fizikia wa shule ya sekondari huko Kettering, Uingereza. Yeye na wanafunzi wake walikuwa wakisikiliza satelaiti za Kisovieti kwa redio ya kawaida tu na kuandika saa zinapopita. Mwaka 1966 waliona baadhi ya njia hazilingani na kituo cha Baikonur kilichojulikana. Wakapiga hesabu, wakautangazia ulimwengu kwamba kuna kituo kingine kaskazini. Ndiyo Plesetsk. Moscow wenyewe walikuja kukiri mwaka 1983. Fikiria, wanafunzi wa sekondari na daftari!

Wa pili ni Scott Tilley wa Canada. Januari 2018 alikuwa akitafuta mawimbi ya satelaiti moja ya siri ya Marekani, akakuta mawimbi ya satelaiti nyingine kabisa. Ilikuwa ya NASA, inaitwa IMAGE, ambayo wenyewe walipoteza mawasiliano nayo Desemba 2005. Akawajulisha, wakathibitisha ni kweli. Mtu na antena yake nyumbani ameiokotea NASA kitu chake, kama mtu aliyekuokotea kitambulisho stendi.

TWENDE NKOWE

Mnaniuliza haya yote yanahusu nini na sisi. Twendeni Nkowe.

Nkowe ni kata ya wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi. Ni nchi ya Wamwera, ya korosho na ufuta, na siku hizi Ruangwa inasikika kwa madini ya kinywe na kwa Namungo FC. Mimi nina ndugu huko. Mtu wa Dar hajui giza ni nini mpaka alale Nkowe usiku usio na mwezi. Nyota ni nyingi mpaka unaona kama zitakudondokea. Wenye darubini za mamilioni huko Ulaya wangelipia anga ya namna ile.

Msimu mmoja wa korosho nikiwa huko, mianga ilipita. Mimi nilikuwa ndani, sikuona. Kesho yake nikafanya kazi niliyosomea, nikauliza. Mjomba alisema ni taa nyingi zimepangana mstari mmoja, kimya kabisa, zinakwenda kama msafara. Kijana wa bodaboda akasema ni ndege za jeshi. Mama mmoja akasema ni ungo, na ungo hautembei peke yake. Mzee mmoja wa msikitini akanieleza kwa utulivu kwamba kimondo ni kombora la kumfukuza shetani anayesikiliza habari za mbinguni, hivyo tusihangaike.

Nikauliza swali moja tu: saa ngapi?

"Baada ya isha." "Usiku usiku hivi." "Watoto walikuwa hawajalala."

Basi. Safari yetu ikaishia hapo.

Maelezo ya mjomba yanafanana sana na satelaiti za Starlink. Toka mwaka 2019 zinarushwa kwa makundi, na siku za mwanzo zinakwenda zimepangana mstari kama treni, zikionekana jioni giza likishaingia au alfajiri, kwa sababu kule juu bado zinapigwa na jua. Njia zake zinajulikana, mtu anaweza kuangalia kama kundi fulani lilipita juu ya Ruangwa. Lakini lazima awe na saa. Kitu kilicho kwenye mzunguko wa chini kinakwenda kama kilomita 28,000 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 450 kwa dakika. Nkowe mpaka Dar kwa mstari ulionyooka haifiki kilomita 400. Maana yake ukikosea dakika moja tu, kitu hakikuwa Nkowe tena, kimeshavuka Dar. Sasa "baada ya isha" utaipeleka wapi?

Kuna na jambo lingine letu, ambalo sijaona watu wakilisema. Saa zetu. Mtu wa Nkowe akisema "saa mbili usiku" anamaanisha saa 20:00, ambayo kwa saa ya dunia ni 17:00. Mwandishi akiiandika kwa Kiingereza haraka haraka inaweza kutoka kama saa 2 usiku wa manane. Hapo umeihamisha habari kwa saa sita, na kitu chako kimeshaizunguka dunia mara nne. Mtaalamu wa nje akiangalia anasema hakuna kilichopita, mashahidi ni waongo. Mjomba wangu hakusema uongo. Saa yake ndiyo iliyotafsiriwa vibaya.

WALIOANDIKA NA WASIOANDIKA

Daftari linabadilisha vipi mambo? Tazameni Mbale, Uganda. Tarehe 14 Agosti 1992 mchana, mvua ya vimondo ilianguka pale mjini na vitongojini. Jiwe kubwa lilikuwa na kilo 27.4. Dogo moja la gramu 3 hivi lilipita kwenye majani ya mgomba likampiga kijana kichwani, bila kumuumiza. Watu wengine walisaga mawe yale wakiamini ni dawa ya Ukimwi. Lakini watu wa Makerere pamoja na wenzao wa Dutch Meteor Society, chama cha wapenzi wa vimondo cha Uholanzi, walizunguka nyumba kwa nyumba wakiandika jiwe gani limeanguka wapi. Hata wale waliolisaga jiwe wameingia kwenye historia ya sayansi, kwa sababu kuna mtu aliwauliza na akaandika.

Tazameni na Ruwa, Zimbabwe. Tarehe 14 Septemba 1994 usiku, mwanga mkubwa ulivuka anga la kusini mwa Afrika, watu wakajaza simu redioni. Mwanga ule ulikuja kutambuliwa kuwa roketi ya Kirusi ikirudi na kuungua, kwa sababu saa na njia vililingana. Siku mbili baadaye wanafunzi 62 wa shule ya Ariel walisema wameona chombo na viumbe karibu na uwanja wao. Hapo ushahidi ni watoto na michoro yao. Daktari wa akili wa Harvard, John Mack, alikuja kuwahoji miezi imeshapita. Leo miaka zaidi ya 30 watu bado wanavutana, na nadhani wataendelea. Jambo la kwanza lilifungwa kwa saa na dira. La pili lilibaki kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya binadamu haiandiki saa.

Na sisi Tanzania? Wangapi wanajua Ivuna? Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe la gramu 705 lilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa. Ni la aina adimu mno, inayokaribia kabisa malighafi iliyotengeneza jua na sayari zetu. Wanasayansi duniani kote wanaiita aina hiyo CI, na I hiyo ni Ivuna. Vumbi ambalo Wajapani walilileta kutoka kwenye asteroidi ya Ryugu mwaka 2020 lilipopimwa, lilifananishwa na mawe ya kundi hilo. Kipande kikubwa cha jiwe lenyewe kilinunuliwa na makumbusho ya London mwaka 2008. Jina ni letu, hadithi ni ya kwao. Mimi nilimaliza chuo kikuu bila mtu yeyote kunitajia Ivuna.

"MAJI KWANZA!"

Najua kuna mdau anasema: bwana mdogo, watu wa Nkowe wanataka maji na dawa zahanati, wewe unawaletea UFO na redio? Swali zuri, wala silikimbii.

Kwanza, pete ya kilo 500 haichagui kijiji chenye maji. Vitu vinavyorushwa juu vinaongezeka kila mwaka, na sehemu ya vinavyorudi itaangukia kwetu.

Pili, redio hiyo hiyo ina kazi nyingine. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu, mvua ilikata barabara ya Dar–Lindi na watu wa kusini wakakwama siku kadhaa. Wiki moja baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya za intaneti za chini ya bahari zikakatika, nchi nzima tukawa tunatazamana. Redio ya mawimbi mafupi haitegemei nyaya wala mnara wa simu. Inahitaji betri, waya uliotundikwa juu ya mkorosho, na mtu anayejua kuitumia. Wenzetu duniani wanawatumia wana-redio wa ridhaa wakati wa majanga. Sisi tunao wachache mno. Zanzibar na Mafia wanakuja Wazungu wa likizo na redio zao, wanarusha kwa alama ya 5H, wanakusanya kadi za mawasiliano, wanaondoka. Alama ni ya nchi yetu jamani!

Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, mtu aliyezoea kuandika saa na upande wa mwanga ataandika pia siku dawa zilipokwisha zahanati na siku pampu ya maji ilipokufa. Daftari ni moja. Kiongozi anaweza kumkatalia mwananchi anayesema "muda mrefu hatuna maji". Anayesema "toka tarehe fulani, saa fulani" anasumbua zaidi kumkatalia.

NAPENDEKEZA

Shule za sekondari za huko kwetu ziwe na klabu za redio. Leseni ya kurusha inatolewa na TCRA, hivyo mlango upo, na wenye leseni Dar washuke kusini wafundishe. Hata kabla ya kurusha kuna mengi ya kusikia. Kituo cha anga cha kimataifa kina redio ya ridhaa, na wanaanga wakiitumia husikika kwenye megahezi 145.800 kwa kipokezi kidogo cha mkononi, pale kinapopita juu yako.

Kuna na mchezo wa bei rahisi zaidi. Chukua redio ya FM, iweke kwenye masafa ambayo kwenu hayana kituo ila Nairobi kuna chenye nguvu. Utasikia mvumo mtupu. Kimondo kikiungua juu, kwenye kimo cha kilomita 100 hivi, kinaacha mkia wa hewa iliyochajiwa unaorudisha mawimbi chini kama kioo. Ghafla, kwa sekunde moja au chini ya hapo, mtangazaji wa mbali anatamka nusu ya neno, kisha mvumo unarudi. Kaa hivyo usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba, vimondo vya Geminidi vinapokuwa vingi, andika kila sauti na saa yake. Mwanafunzi wa kidato cha pili wa Nkowe anaweza kuifanya kazi hiyo hata mawingu yakiwa yametanda.

Na kwa waandishi wenzangu: mkipigiwa simu kwamba kitu cha ajabu kimeonekana, kabla ya kichwa cha habari ulizeni mambo manne. Saa ngapi, na ni saa ya Kiswahili au ya kizungu. Kilitokea wapi na kupotelea wapi, kwa kutaja mti, nyumba au mlima. Kilichukua muda gani. Nani mwingine alikiona akiwa sehemu nyingine. Mashahidi wawili wa vijiji viwili wakitaja upande, mtu mwenye ramani na rula anaweza kukisia kimo chake. Mengine, ya jini na wageni wa sayari, yaandikeni pia, maana ndivyo watu walivyosema, ila yaje baada ya hayo manne.

Mimi siamini ungo, na visahani sijashawishika. Lakini sina haraka ya kumcheka aliyeona. Mjomba wangu aliona kitu. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 60 ina macho ya kutosha kulinda anga lote, kinachokosekana ni kalamu ya shilingi mia tano.

Mdau, mara ya mwisho ulipoona kitu angani, ilikuwa saa ngapi?

Naomba kuwasilisha.